Pikapu Ni Yako, na Vidanji Pia

Mama,

Nakuita hivyo kama nilivyokuita tangu ulipozaliwa. Ulipewa jina la mama yangu, Ngalula, na kwetu watu wa Kasai mtoto aliyebeba jina la mzazi wako humwiti kama mtoto. Marehemu mama yako alikuwa akinitania kwamba nilizaa ili nipate tena wa kunigombeza. Basi, Mama, pokea maneno haya ya mwanao ambaye pia ni baba yako. Jua ndio kwanza limezama, umeme umekatika kama ilivyo kawaida hapa Kapata, na wewe uko kanisani unaagana na wenzako wa kwaya. Kesho asubuhi unaondoka na pikapu kwenda kuishi ng'ambo ya Mutshatsha, kuwabebea wakulima mahindi kutoka mashambani hadi kituo cha treni. Naandika kwa sababu mdomo wangu siku hizi haufai kitu, wewe mwenyewe unajua.

Sitakuambia ule nini wala ulale saa ngapi. Sitakuambia ufunge mlango, uchemshe maji, uogope wanaume wenye maneno matamu. Shangazi zako wamekuambia hayo yote tangu Jumapili, nikakuona unaitikia huku macho yanafumba. Mimi nina jambo moja tu, nalo ni jibu ambalo sikukupa leo mchana.

Ulikuwa umelala juu ya mkeka chini ya pikapu. Nilikuwa nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, karibu na gurudumu la mbele, nakutazama miguu. Tulikuwa tumekubaliana kwamba vidanji ya leo, kubadilisha oili, utaifanya wewe, kuanzia kupasha injini moto hadi kumimina oili mpya, nami nisiguse kitu. Ulikuwa unatafuta ufunguo wa bolti, ule wa namba kumi na saba, kwa kupapasa, ukasema kutoka huko chini, kama jambo dogo:

"Tata, kila vidanji nitakuya hapa. Utanifanyia we. Mi sitaki mutu mwingine aguse hii motokari."

Sikujibu. Ukangoja. Ukauliza, "Tata, ulisikia?" Nikasema, "Nilisikia." Basi. Baada ya kitambo nikasikia bushoni, kile kizibo cha chini ya injini, inalegea, na oili ikaanza kuanguka kwenye beseni.

Najua ulivyoelewa kimya kile. Ulidhani sijali kama utakuja au hutakuja. Na mimi najua kwamba hukuwa unazungumzia oili. Mtu anayeishi ng'ambo ya Mutshatsha hawezi kuacha kazi yake, akapigana na ile barabara wakati wa mvua, ili aje Kapata baba yake amfungulie bushoni moja. Ulikuwa unajitafutia sababu ya kuja kuona kama bado ninakula. Na ulikuwa unanitafutia mimi kazi ya mikono. Nilielewa yote mawili, nikakaa kwenye ndoo.

Sasa nivumilie kidogo, maana jibu langu linapitia mbali.

Wewe ulizaliwa Kapata, lakini si Kapata niliyozaliwa mimi. Nyumba ni zilezile, safu zilezile, ila sisi tulikuwa watoto wa kampuni. Babu yako aliletwa kutoka Kasai kuja kuchimba madini, na kampuni ikampa nyumba, posho ya unga kila mwezi, hospitali, shule, hata rangi ya ukuta. Balbu ikiungua, baba alikwenda ofisini kuandikisha, na baada ya siku chache alikuja mtu na ngazi. Mtu huyo tulimjua, tulimpenda, mama alimpa maji ya kunywa. Kupigilia msumari ukutani bila ruhusa lilikuwa kosa, na fundi wa kampuni akiuona msumari wako unaitwa ofisini. Tulikua hivyo. Tulifundishwa kwamba kitu kikiharibika unasema, kisha unangoja.

Halafu kampuni ikaanza kuchoka. Posho ikachelewa, ikapungua, ikakoma. Balbu ya sebuleni iliungua, baba akaenda kuandikisha, na mtu wa ngazi hakuja. Dukani kwa jirani balbu zilikuwepo. Nilimwambia baba ninunue moja niifunge mwenyewe, akaniangalia kama nimemtukana. "Iko na mutu wake," akasema. "Atakuya tu." Alikula bukari yake ya unga gizani mpaka alipokufa, na balbu ile ilikuwa juu ya kichwa chake. Niliibadilisha siku ya matanga kwa sababu wageni walikuwa hawaonani.

Waswahili husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tuliijua methali hiyo, tuliiandika shuleni kwa mwandiko mzuri. Tatizo ni kwamba ufa ulikuwa mali ya kampuni, na ukuta pia.

Usidhani namcheka babu yako. Nilipopata pikapu hii, miaka mingi baada ya kampuni kutuachisha kazi, mimi nilifanya kama yeye. Nilijua kuendesha, kupakia, kufunga kamba, na kuzozana na polisi wa barabarani bila kupandisha sauti. Ndani ya boneti sikugusa kitu. Alikuwepo Tata Mutombo, ambaye zamani alifanya kazi kwenye karakana ya kampuni, akaniahidi kwamba vidanji ikifika atakuja Jumamosi. Ilipofika nikaegesha pikapu mbele ya nyumba, nikafungua boneti, nikaweka kiti. Hakuja. Jumamosi iliyofuata nikafanya vilevile. Mama yako akapata habari kwamba mzee yule amehamia Likasi kwa watoto wake. Mimi nikasema alishaahidi. Katikati ya wiki nilibeba mizigo, Jumamosi nilimngoja Mutombo, na oili ilikuwa inageuka lami.

Ulikuwepo siku ile injini ilipokufa, ila ulikuwa mdogo, umelala kati yetu. Tulikuwa tunatoka Mutshatsha na magunia ya makala, makaa ya kupikia. Taa nyekundu iliwaka nikaiona, na mama yako akaiona, akaniuliza inasema nini. Nikamjibu taa za motokari ni kama watoto, huwaka na kuzima zenyewe. Baadaye injini ikagonga, ikagonga tena kwa nguvu, kisha ikakamata, ikazimika. Nikakaa na mikono kwenye usukani. Sikushuka. Wingu lilikuwa linajikusanya upande wa Kolwezi, na mimi nilikaa vile, sikumbuki muda gani, mpaka mama yako akaniuliza:

"Kalala, unangojea nani?"

Nikasema, "Kutapita mutu wa karakana."

Akaniangalia. Hakukasirika, na afadhali angekasirika. Akasema, "Kampani haitakuya, Kalala. Shuka, tutoe makala mbele ya mvua."

Alishuka, akakufunga mgongoni, akaanza kuvuta magunia peke yake. Ndipo nikashuka. Kupata injini nyingine kulichukua muda ambao sipendi kuukumbuka, na wakati huo wote tulikula mikono ya mama yako, yale maandazi aliyouza kwenye kona. Hayo unayakumbuka, maana ulikuwa unayaiba.

Vidanji ya kwanza niliyofanya mwenyewe niliifanya humu humu lupangoni, kwenye kiwanja chetu. Niliazima vipande viwili vya mbao za reli, nikapandisha magurudumu ya mbele, nikaweka mawe nyuma. Mama yako alishika beseni. Majirani walikuja kusimama kwenye ua, wote watoto wa kampuni kama mimi, na nakuapia walikuwa na hofu kweli. Tata Ilunga wa nyumba ya tatu akauliza, "Tata Kalala, uliomba ruhusa kwa nani?" Mama yako akamjibu bila kuinua kichwa, "Kwa mimi, bibi yake."

Nilifungua bushoni nikiwa nimekaa vibaya, mkono juu. Oili ya moto ilishuka kwenye kiganja, ikapita kiwiko, ikaingia hadi kwapani. Nilipiga kelele na mama yako akaangusha beseni kwa kicheko. Nusu ya oili ilinywewa na ardhi ya Kapata siku ile. Kwa woga wa kwamba bushoni itadondoka njiani, niliikaza kwa nguvu zangu zote, nikasimama juu ya ufunguo, nikaua meno ya bushoni. Kwa mwaka mzima pikapu ilidondosha oili kila ilipoegeshwa, na jirani aliweza kujua nimelala wapi. Ndiyo maana leo ulipokaza ukasema "Inatosha, Tata?" nilisema inatosha, hata kabla sijaangalia. Mkono ukikataa, acha. Woga ndio huongeza ile zamu moja ya mwisho.

Nayaandika haya na najua yalikuwa ya kuchekesha. Nakumbuka kwamba nilicheka. Lakini kicheko chenyewe sikipati.

Tangu mama yako alipotutoka, mvua zilipoanza, niko hivi. Umeniona. Kwenye matanga watu walinishika bega wakasema, "Tata Kalala ni mutu wa nguvu." Hazikuwa nguvu. Moyo umekufa ganzi, kama mguu ulioukalia muda mrefu. Unaubonyeza, unajua ni wako, hausemi kitu. Jioni ile wageni walipoondoka uliniuliza, "Tata, we haumulilie Mama?" nikakuambia nenda ukapumzike. Niliyatafuta machozi kwa bidii, Mama. Nilikwenda hadi nyuma ya jiko nikasimama pale nikiyangoja. Hayakuja, nikarudi ndani.

Niliendelea kuendesha. Nilipakia, nilipakua, niliwajibu watu. Watu wakaona nimepona. Halafu asubuhi moja wewe ukaenda kuwasha pikapu, ukavuta kile kijiti cha kupimia oili, na ukaja nacho ndani mkononi. Nilikuwa mezani. Ncha yake tu ilikuwa na weusi, mzito kama uji wa jana. "Tata, angalia," ulisema. Nikaangalia. Na nikakuambia neno lililokutisha, nilikuona linavyokutisha, ingawa mimi halikunitisha. Nilisema, "Mutombo hajapita."

Mutombo alihamia Likasi wewe ukiwa hujaanza shule.

Hukunicheka wala hukunisahihisha. Ulikwenda ukatafuta oili, ukaongeza, ukarudi ukanipikia. Na tangu siku ile ukaacha kuzungumza habari ya Mutshatsha, kazi ambayo ulikuwa unaitaka kwa mwaka mzima. Wale wakulima walituma mtu mara mbili kuuliza. Mara zote mbili ulimwambia utaona. Mwisho nilipokuambia nenda, chukua na pikapu, ulikubali kwa shingo upande, ukakaa kutafuta namna ya kuondoka bila kuondoka. Leo chini ya gari ukaipata. Kila vidanji nitakuya.

Sasa nisikilize. Ukifanya hivyo, mimi nitahesabu. Nakujua wewe na najijua mimi. Utaondoka kesho, na keshokutwa nitaanza kujiuliza umetembea kilomita ngapi, njia ni mbaya kiasi gani, vumbi limeingia kiasi gani kwenye filta. Nitakaa mlangoni nikitamani oili yako ichafuke upesi. Nitaweka kiti nje. Mtu akiniuliza habari nitamwambia yuko njiani, atakuja tu. Babu yako alikaa chini ya balbu, mimi nilikaa na Mutombo, na sitaki mtoto wangu awe mtu mwingine wa ngazi. Ningekufa kabisa, na watu wangeendelea kusema nina nguvu.

Ndiyo maana nilinyamaza. Ningefungua mdomo ningesema ndiyo, njoo, na ningesema upesi mno.

Kuna jambo lilitokea baada ya hapo ambalo hukuliona. Ulikuwa bado chini. Walipasua mwamba kule kwenye mgodi wa Mashamba, kama wanavyopasua kila alasiri, na ardhi ikatikisika kidogo. Oili kwenye beseni ikafanya mawimbi madogo, mviringo ndani ya mviringo. Wewe hata hukusimama. Ulivuta mkono, ukangoja ardhi itulie, ukaendelea kufungua filta. Ulipaka oili mpya kwenye mpira wa ile filta mpya kwa kidole kimoja, taratibu, vilevile mama yako alivyokuwa akifanya baada ya kunifukuza pale, maana alisema kidole changu kina haraka. Sikukufundisha mimi hilo. Nilikuona na kitu kikanipata hapa chini ya mbavu. Kilikuwa woga. Niliogopa kwamba unaondoka. Ni kitu cha kwanza nilichokihisi tangu mvua zianze, na nilikaa nacho kimya kwenye ndoo nisije nikakifukuza.

Kwa hiyo nakuambia kwa maandishi: ningependa ubaki. Ningependa sana. Usirudi nyuma kwa sababu umelisoma hili. Nimekuandikia ili ujue kwamba ile ndoo haikuwa imekaliwa na mtu asiyejali.

Pikapu ni yako, na vidanji pia. Fanya huko huko unakokaa, kwenye lupango lako, kwa mikono yako. Majirani wakisimama uani kukushangaa waache wasimame. Siku moja utakosea. Utasahau kuirudisha bushoni na oili mpya yote itamwagika chini, nami nilishafanya hivyo, mama yako aliniambia nimeibatiza ardhi. Utakasirika, utaona aibu, utanunua nyingine. Taa nyekundu ikiwaka simama hapo hapo, hata kama umebeba mahindi ya chifu. Hilo ndilo agizo pekee la barua hii, nisamehe, limeniponyoka.

Kuhusu mimi. Oili chafu ya leo sikuimwaga. Nimeijaza kwenye chupa, na nyingine nimempa fundi anayefanyia kazi mlangoni kwa Tata Ilunga, aliyekuja kuomba ya kupaka nguzo zake, maana mchwa mwaka huu wamezidi. Ile ya chupa ni ya kaburini. Nilipopita mara ya mwisho niliona mchwa wameanza kupanda kwenye mguu wa msalaba wa mama yako. Watu wote wa Kapata hupaka misalaba yao oili chafu, sisi peke yetu hatujapaka, na sisi ndio wenye motokari. Kesho ukishaondoka nitakwenda na brashi. Nitauchimbua kidogo, niupake hadi chini, niufukie tena. Hakuna aliyenituma. Sijui kama nitalia. Nikilia nitalia, nikishindwa nitapaka tu, msalaba hautajua tofauti.

Na kuja nyumbani, njoo. Usije kwa sababu ya oili, wala kwa sababu ya kuangalia kama nimekula. Njoo siku utakayojisikia kuja, hata kama pikapu ni nzima na huna unalohitaji. Ila usinipigie simu kunitajia siku. Usitume mtu aniambie uko njiani. Sukuma tu mlango uingie.

Na kama utanikuta sipo, usinitafute kwa majirani. Weka maji jikoni, vuta kiti, ukae. Safari hiyo unisubiri wewe.

Baba yako,
Kalala